Majani ya mpera dhidi ya utando wa bakteria: usikosee nilipokosea mimi

Mpera wa nyuma ya nyumba yetu hapa Majengo, Moshi, ulinipa furaha ya bure mwezi mzima. Niliamini majani yake yamezuia utando wa bakteria waitwao Staphylococcus aureus, kumbe kazi ilifanywa na ethanoli (spiriti) niliyolowekea majani, nikashindwa kuiondoa yote.

Utando ninaousema ni ule ute ambao bakteria huutoa wakishajishikiza mahali, kama utelezi wa ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa. Wakishajifunika hivyo, dawa huwafikia kwa shida.

Chuma majani yaliyokomaa, yaoshe, yaanike kivulini. Masika usijaribu, maana kwa mvua zetu za Aprili yataota ukungu kabla ya kukauka. Yakianza kuvunjika ukiyakunja, twanga. Gramu 10 za unga loweka kwenye mililita 100 za ethanoli ya asilimia 70, funika, iache saa 48 huku ukitikisa mara kwa mara, kisha chuja.

Sasa vukiza ethanoli yote, na hapa usiwe na haraka. Tumia sahani pana juu ya maji ya nyuzi 40 hivi, mbali na jiko lolote, kwa kuwa mvuke huo hushika moto. Pima uzito leo na kesho. Ukiwa bado unapungua, hujamaliza. Mimi nilinusa tu, nikaridhika.

Mabaki yayeyushe kwa DMSO kidogo, kimiminika cha maabara cha kuyeyushia. Yanayofuata ni ya maabara, chini ya msimamizi, kwani bakteria hawa huambukiza. Andaa tyubu tatu za kioo zenye supu ya kuoteshea (ndivyo tunavyoiita, hainywewi) na bakteria: moja haiongezwi kitu, moja DMSO peke yake, moja dawa ya majani. Kiasi cha DMSO kilingane. Ziache nyuzi 37 kwa saa 24.

Supu yenye dawa ikibaki angavu, umewaua au umewazuia kuota, basi utando ungetoka wapi? Punguza dawa nusu kwa nusu mpaka supu ichafuke kama zile nyingine, ndipo ulinganishe. Mwaga, suuza taratibu mara tatu, kausha, tia kristali violeti (rangi ya zambarau) ya asilimia 0.1 kwa dakika 15, suuza tena. Pete ya zambarau ukutani mwa kioo ndiyo utando.

Niliporudia, pete ya tyubu ya mpera ilikuwa nyepesi kuliko zile mbili, lakini ilikuwepo. Vyote vilivyogusa bakteria vipeleke kwenye otoklevu (chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke wa moto wenye shinikizo) kabla ya kuosha, na hiyo dawa usimpake mtu kidondani.