Somo: Kulala Granada kwa bei nafuu

Wadau, anayekwenda Granada, kusini mwa Hispania, hahitaji hoteli kubwa. Nyumba ndogo za wageni zipo tele. Kinachowaponza wengi ni kuchagua chumba kwa picha bila kujua mji ulivyokaa.

1. Tiketi ya Alhambra, ngome ya kale iliyo juu ya mji, kwanza; chumba baadaye. Majumba ya masultani yaliyo ndani yake yanaingiwa kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na huwa zinaisha mapema.

2. Chagua mtaa. Albaicín, mtaa wa kale wa Waislamu, uko kilimani mkabala na Alhambra. Ni mzuri kupita kiasi, ila vichochoro vyake ni kama vya Mji Mkongwe vilivyopandishwa mlima: ngazi, kona, na sakafu ya kokoto za mtoni zinazokwamisha magurudumu ya sanduku. Teksi haifiki kila mlango. Mwenye mzigo mzito au magoti mabovu alale chini, karibu na Plaza Nueva, uwanja wa katikati ya mji.

3. Kabla ya kulipa, uliza: lifti ipo? Bafu ni la pamoja? Dirisha linatazama ua au barabara? La uani lina giza lakini utalala. La barabarani utasikia watu wakila saa nne usiku. Desemba hadi Februari uliza pia kipasha joto, maana mji uko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada yenye theluji.

4. Taja saa ya kufika. Nyumba nyingi ndogo hazina mtu mapokezi usiku. Pasi ya kusafiria wataitaka, ni sheria.

MASWALI

— Tiketi kwanza, na mimi bado nasubiri viza?
Wewe geuza, ndugu. Weka chumba kinachoghairiwa bure, upeleke uthibitisho ubalozini. Tiketi nunua viza ikitoka.

— Shikamoo. Nakwenda na mama, vipi msikiti na chakula halali?
Marahaba. Msikiti Mkuu, uliofunguliwa 2003, uko juu Albaicín, jirani na uwanja wa San Nicolás. Chakula tafuteni kwa Wamoroko, mtaa wa Calderería Nueva. Kwenye baa ukiagiza hata soda huletewa kitafunio cha bure, mara nyingi chenye nguruwe. Tangulia kusema “sin cerdo”, yaani bila nguruwe. Na mama asipande kwa miguu, basi dogo C31 linatoka Plaza Nueva.