Kabla hujaanza kumfundisha mtoto mwenye mahitaji maalumu kujitegemea

Mpime masikio na macho kwanza. Watoto wengi wenye hali ya Down (Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza) wana shida ya kusikia, na asiyesikia vizuri huitwa mkaidi bure.

Chagua jambo moja analolihitaji kila siku. Choo kitangulie alfabeti.

Kubalianeni nyumbani na shuleni: njia moja, maneno yale yale.

Hili la nne lisome mara mbili. Panga tangu siku ya kwanza jinsi utakavyojiondoa. Namfahamu kijana mwenye usonji (autism, hali inayoathiri mawasiliano na mahusiano na watu) ambaye mama yake alimfundisha kuoga kwa uvumilivu mkubwa. Alisimama mlangoni akitaja: sabuni, mgongo, suuza, jifute. Miaka ikapita, mtoto akawa mtu mzima, mama bado yuko mlangoni. Kisha mama akaugua, akalazwa. Shangazi aliyekuja kukaa na kijana alimfungulia maji akaenda zake, na aliporudi akamkuta amesimama vile vile, anatetemeka, sabuni kavu mbele yake. Alikuwa anasubiri kuambiwa. Kila hatua aliijua, ila hakuna hata moja iliyoanza bila sauti ya mama. Ndugu wakasema huyu hajui kitu, wakaanza kumwogesha na kumvalisha. Mama alipotoka hospitali, hata shati alilokuwa akivaa mwenyewe alikuwa ameliacha. Inaniuma mpaka leo, maana uwezo alikuwa nao.

Kwa hiyo vunja kazi vipande vidogo, uanze kumfundisha kile cha mwisho. Wewe pandisha suruali hadi mapajani, yeye amalizie. Akishaweza, mwachie kuanzia magotini, na hivyo hivyo ukirudi nyuma. Kila mara yeye ndiye anayemaliza kazi. Maneno yapunguze mapema. Bandika picha za hatua ukutani azifuate mwenyewe. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuingilia. Kisha badilisha mtu na mahali, kwa sababu wengi, hasa wenye usonji, wakijifunza jambo bafu hili hawalihamishii bafu lile.

Asiyeweza kushika kijiko kwa sababu ya utindio wa ubongo (cerebral palsy, hali inayoathiri misuli na mwendo) naye ana kujitegemea kwake: aamue anakula nini, saa ngapi, na nani amlishe. Muulize, umpe muda wa kujibu.

Kabla ya balehe ajue majina ya sehemu zake za siri na namna ya kusema sitaki, kwa mdomo, ishara au picha. Aliyezoeshwa kumtii kila mtu mzima hudhuriwa kirahisi. Akikukatalia wewe jambo dogo, mkubalie.

Shule ikimkataa, ijue Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006. Inahusu elimu jumuishi. Na jihadhari na wauza tiba za usonji, dawa zilizoachwa mezani, maji ya moto, milango inayofungwa kwa ndani, barabara.