Bekapu ya rekodi za shule: jinsi ya kuhakikisha inarejesheka

Shule nyingi ninazozihudumia hapa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni, zina bekapu, yaani nakala ya akiba ya rekodi. Karani atakuonyesha diski ya nje kwenye droo, na faili ya jana usiku imo. Lakini ni lini faili hiyo iliwahi kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine, likaonekana jina la mtoto na salio la karo yake? Mara nyingi jibu halipo, na hilo hunitia wasiwasi kuliko virusi.

Hata makampuni makubwa yamefikwa na haya. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu, alifuta kwa bahati mbaya takriban gigabaiti 300 za data. Walipozigeukia bekapu za kila siku, wakakuta hazikuwa zikifanyika, kwa kuwa toleo la programu ya kuzichukua halikuoana na hifadhidata. Barua pepe za kuonya nazo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyotangulia kosa hilo kwa takriban muda wa saa sita, ambayo ilichukuliwa kwa shughuli nyingine kabisa.

Nitachukulia mfumo wenu unatumia MySQL, programu ya hifadhidata, kwenye kompyuta ya ofisini.

1. Andika hesabu kwanza. Kabla ya kuchukua bekapu, andika kwenye karatasi idadi ya wanafunzi wa kila darasa, namba ya risiti ya mwisho na jumla ya salio la karo. Kisha chagua wanafunzi watatu: aliyehama, mwenye picha kwenye mfumo, na mwenye jina kama Ng'ang'a. Majina yenye ritifaa yanaweza kuharibika herufi zisiposomwa sawasawa. Picha nazo mara nyingi hukaa kwenye folda ya pembeni, nje ya hifadhidata, kwa hiyo bekapu huziacha bila mtu kujua.

2. Kagua faili. Linganisha ukubwa wake na wa wiki iliyopita. Fungua mwisho wa faili: iliyochukuliwa kwa mysqldump, amri ya MySQL ya kuchukua bekapu, kwa kawaida humalizikia na mstari unaoanza na `-- Dump completed`. Usipouona, huenda faili ilikatika, labda stima ilipotea au flashi ilijaa. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa faili uitwao FAT32 haipokei faili moja ya gigabaiti 4 au zaidi.

3. Tafuta kompyuta nyingine na uitoe kwenye mtandao. Laptopu ya maabara inatosha. Usijaribu kamwe juu ya mfumo unaotumika. Mtandao unaukata kwa sababu mfumo uliorejeshwa haujui kuwa uko kwenye majaribio. Ukiwa na huduma ya SMS, unaweza kuwatumia wazazi wote madeni ya zamani.

4. Rejesha, ukiangalia saa. Tengeneza hifadhidata tupu iitwayo majaribio, kisha:

`mysql -u root -p majaribio < bekapu.sql`

Aandike amri hizi mtu asiyezizoea, akifuata maelezo yenu ya karatasi. Akikwama, rekebisheni maelezo papo hapo. Nywila nazo zisiwe kichwani mwa mtu mmoja. Bahasha iliyofungwa kwa mwalimu mkuu inafaa. Ripoti zikikataa kufunguka ilhali majina yapo, angalieni kama bekapu ilichukuliwa kwa chaguo la `--routines`. Bila hiyo, mysqldump huziacha taratibu zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata, yaani amri ambazo ripoti zinaweza kuzitegemea.

5. Mwite mhasibu. Fundi akiona jedwali zimejaa huridhika upesi. Mhasibu atachapisha taarifa ya karo na kuilinganisha na karatasi ya hatua ya kwanza, shilingi kwa shilingi. Mwalimu wa darasa aangalie alama. Wao wakikubali, ndipo mseme bekapu imefaulu.

6. Pimeni pengo. Bekapu ikichukuliwa usiku na mashine ikafa saa tisa alasiri, kazi ya siku nzima imepotea. Karo iliyolipwa kwa M-Pesa mtaifuatilia kwenye taarifa ya paybill. Ya taslimu imebaki kwenye kitabu cha risiti pekee, kwa hiyo vitabu vitunzwe. Mhasibu ndiye aseme anaweza kuingiza upya kazi ya siku ngapi; jibu lake ndilo lipange bekapu iwe mara ngapi.

7. Futa nakala ya majaribio. Hizi ni taarifa za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda popote zilipo, hata kwenye laptopu ya maabara. Wekeni kumbukumbu ya tarehe, aliyerejesha, muda uliotumika na kilichogoma.

Diski nayo isilale kwenye droo ya meza ileile yenye kompyuta, maana mwizi au paa linalovuja vitachukua vyote. Nakala moja itoke nje ya shule ikiwa imefungwa kwa nywila. Hewa yetu ya chumvi hushambulia vyuma vya viunganishi, kwa hiyo diski ikae kwenye kasha linalofunga vizuri.

Rudieni zoezi kila muhula, na kila mfumo unapobadilishwa toleo. Mimi hupendelea wiki ya kwanza ya likizo: mhasibu bado yupo, maabara haina watoto, na kikionekana kilichoharibika kuna muda wa kukitengeneza kabla shule haijafunguliwa.