Ukija likizo Iringa, tenga siku moja ya Korongo la Isimila

Nimekulia Iringa, nikasoma hapohapo mpaka kidato cha nne, lakini Isimila nilifika kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, nimekuja likizo kutoka Arizona. Kabla ya hapo nilishazunguka hifadhi za Zion na Arches kule Utah, Marekani, na marafiki zangu Wakenya na Waganda, tukipiga picha kwenye miamba myekundu na kusema nyumbani hakuna kitu kama hiki. Kumbe kipo, kilomita 20 hivi kutoka stendi niliyopandia basi utoto wangu wote. Liliniuma sana. Tangu siku hiyo, kila nikirudi napeleka kundi la watu, na haya ndiyo ninayowaambia kwenye simu kabla hawajakata tiketi.

Kwanza ujue unachokwenda kuona. Isimila ni korongo kavu lililojaa nguzo za udongo na mchanga ulioshikamana, nyingine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, zenye matabaka ya rangi ya kutu, kahawia na kijivu. Wekundu wa Utah na wa kwetu una asili moja, nao ni chuma kilichomo kwenye mchanga kikapata kutu. Tofauti iko kwenye ugumu. Miamba mikubwa ya Zion ilikuwa vilima vya mchanga wa jangwani vilivyogeuka jiwe kwa mamilioni ya miaka. Isimila palikuwa na ziwa la kina kifupi, na tope lake halijawahi kuwa jiwe gumu. Mvua ndiyo inayolichonga, na bado inaendelea. Kwa hiyo ile tabia tuliyoizoea ya kupanda juu ya mwamba ili upigwe picha, huku iache kabisa. Nguzo inamomonyoka mkononi, na haitarudi.

Lakini kinachonirudisha mimi si nguzo. Kabla ya kufika kwenye nguzo mtapita sehemu ambayo zana za mawe zimelala wazi mchangani. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini alipita hapo akaokota baadhi, na mwaka 1957 na 1958 mtaalamu Clark Howell akaongoza uchimbaji. Waliyoyakuta ni mashoka ya mkono, vikwarua na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Umri wa zana hizo unakadiriwa kufikia kama miaka 260,000. Mzee aliyetuongoza mwaka wa kwanza alinipa shoka moja nilishike. Lina umbo la tone la maji, upande mmoja umechongwa kwa makini kuliko mwingine, na kidole gumba changu kikakaa kwenye kibonyeo kana kwamba kilipimwa. Nilisimama nalo muda mrefu. Ukimaliza kulishika, lirudishe palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazilinda, na hata isingezilinda, jiwe moja kwenye kabati lako Minnesota halimwambii mtu chochote.

Sasa msimu. Wengi wetu tunakuja Desemba kwa sababu ya Krismasi, na Desemba ndiyo mvua za nyanda za juu zinakuwa zimeshika. Hapa naomba unisikilize vizuri. Mwezi Agosti 1997, watalii 11 walikufa Antelope Canyon, Arizona, na mvua iliyowaua ilinyesha mbali na walipokuwa. Maji yalifuata mkondo yakawakuta ndani ya ufa mwembamba. Korongo la Isimila ni pana zaidi, lakini sakafu unayotembea ni njia ya maji. Kama mmekuja kipindi cha mvua, ingieni asubuhi mapema, tazameni mawingu ya upande wa juu na si ya juu ya vichwa vyenu tu, na mwongozaji akisema leo hapana, iwe hapana. Kama una uhuru wa kuchagua, njoo kati ya Julai na Oktoba. Julai asubuhi ni baridi kweli, beba sweta au jaketi. Oktoba jua ni kali.

Iringa iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa inadanganya. Rafiki yangu mmoja wa Eldoret, mkimbiaji, alikuja na chupa ya nusu lita. Aliona kuna upepo, hatoki jasho, akasema inatosha. Jasho lilikuwa linatoka, ila linakauka kabla hajaliona. Kufika saa 7 mchana kichwa kinamgonga, maneno yanamtoka polepole, tukamkalisha kwenye kivuli cha nguzo na kumnywesha maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo mpaka akasimama. Utah wanashauri lita 4 za maji kwa mtu kwa siku ya kutembea. Isimila si matembezi marefu kama ya kule, lakini msishuke chini ya lita 2 kila mmoja, na nyingine muache kwenye gari. Maji yanunueni mjini. Msitegemee duka huko.

Vaa raba zenye soli ya meno na suruali ndefu, kwa sababu kuna miiba, na kofia pana. Champali waachie wanaobaki hotelini. Chakula sisi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha, karanga na ndizi. Taka zote mnarudi nazo.

Kuhusu safari: kutoka Dar ni kilomita 500 hivi kwa barabara, kupitia Mikumi, bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni na kona za Kitonga. Siku nzima inaishia hapo. Usijaribu kushuka kwenye ndege Jumatano usiku na kutembea korongoni Alhamisi, mwili bado uko kwenye saa za huko. Lala Iringa usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Kutoka mjini mkiwa watu watano au sita, kodini Noah kwa siku na mpatane bei kabla ya kupanda, pamoja na muda wa kuwasubiri. Mkiwa wawili, daladala za kuelekea Ifunda au Mafinga zitawashusha njiapanda penye kibao, kisha mnatembea chini ya nusu saa. Mwambie konda mapema, la sivyo atapitiliza.

Vitambulisho vinaleta ubishi usio wa lazima getini. Kiingilio cha raia na cha mgeni si sawa. Kama una kitambulisho cha taifa cha Tanzania (NIDA), kibebe hata kama kimechakaa. Kama ulishachukua uraia wa nje, lipa cha mgeni bila kugombana na mhudumu, kwani si yeye aliyepanga. Wenzetu kutoka Kenya, Uganda na kwingine wabebe pasipoti na waulize daraja lao kabla ya kulipa. Maeneo ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, hivyo angalau mmoja wenu awe na laini ya Tanzania iliyosajiliwa na yenye salio.

Halafu salamu. Mkikutana na wazee njiani, simameni, "Shikamoo" kwanza, maswali baadaye. Mtu akikuambia "Kamwene", salamu ya Wahehe, itikia "Kamwene" na atafurahi. Mwongozaji usimwite kwa kumpigia mluzi kama nilivyomwona kijana mmoja akifanya. Mwite baba au kaka kulingana na umri, na mwisho mpe asante yake mkononi mbali na kiingilio. Watu hawa wanalijua korongo kuliko kitabu chochote.

Mkianza saa 2 asubuhi, saa 6 mmemaliza Isimila. Mchana mna nafasi ya Kalenga, yalipokuwa makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ambako fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limehifadhiwa kwenye jumba dogo la makumbusho. Wenye watoto wa kuzaliwa nje, msiruke hapo. Michoro ya miambani ya Igeleke, upande wa barabara ya Dodoma, ni mizuri, ila iwekeni siku nyingine, kuibana ndani ya siku hiyohiyo ni kuionea.

Jioni pandeni Gangilonga, mwamba ulio juu ya mji, ambao jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Kupanda ni dakika chache tu na mji wote unakuwa chini yenu, mabati yaking'aa na moshi wa jikoni ukipanda taratibu. Nendeni kama kundi, simu mifukoni. Ikifika saa 12 kamili anzeni kushuka, mwenye tochi atangulie, kwa sababu mwamba unateleza na giza la Iringa halichelewi.