Kuchagua Tandiko la Kuokea Vichwa vya Risasi Vilivyopakwa Rangi ya Unga

Nchini Marekani wako walengaji shabaha wengi ambao huyeyusha madini ya risasi nyumbani na kujimiminia vichwa vya risasi katika kalibu. Kwa miaka mingi vichwa hivyo vilipakwa nta ili madini yasigande ndani ya mtutu, lakini nta hutoa moshi na hunata vidoleni, na kwa hiyo wengi wameihama wakachukua rangi ya unga, ile ile ya poliesta inayopakwa kwenye fremu za madirisha na rimu za magari. Unga huo ukishaokwa hugeuka kuwa ganda gumu linalokizunguka kichwa na kukizuia kisigusane na chuma cha mtutu. Mwongozo huu unahusu hatua moja tu ya kazi hiyo, ambayo wanaoanza huipuuza: kuchagua tandiko, yaani kile kinachotandikwa kwenye trei ili vichwa vikae juu yake vinapokuwa ndani ya oveni.

Kabla ya yote, sheria. Katika ngazi ya shirikisho la Marekani, mtu anayejitengenezea risasi kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya mtengenezaji, ilhali anayetengeneza ili auze anaihitaji. Tanzania na Kenya haziko hivyo, kwani huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Msomaji aliyeko huko aichukue makala hii kama maarifa ya ufundi wa rangi na oveni, ambayo yanafaa pia kwa timazi za nyavu na ndoano za kuvulia samaki.

Sababu ya tandiko kuwa na uzito mkubwa hivi imo katika tabia ya unga wenyewe. Unapopata joto, kwanza huyeyuka na kutiririka kama asali, na katika dakika hizo hushika chochote unachokigusa; baadaye molekuli zake hufungamana, nao hauwezi tena kuyeyuka hata ukirudishwa motoni. Maana yake ni kwamba kosa lolote linalotokea wakati wa kutiririka hugandishwa moja kwa moja. Rangi iliyozidi hushuka na kutuama pale kichwa kinapokutana na tandiko, ikaacha ukingo mwembamba unaozunguka kitako. Na kitako ndicho sehemu ya kichwa cha risasi isiyotaka mzaha: gesi ya baruti humalizia kukisukuma kichwa hapo kinapotoka mtutuni, na kitako kilichopinda au chenye ukingo upande mmoja huifanya gesi itoke bila usawa, kichwa kikayumba na shabaha ikatawanyika. Kwa maoni yangu, swali la kwanza kuhusu tandiko lolote ni jinsi linavyokiacha kitako. Bei na urahisi wa kusafisha vifuate baadaye.

Swali la pili ni joto. Rangi nyingi za poliesta hukauka kwa nyuzi 204 za Selsiasi, sawa na 400 za Farenhaiti, na desturi iliyozoeleka ni kuoka kwa dakika 20 kwa joto hilo. Madini ya risasi yaliyo safi huyeyuka kwa nyuzi 327, hivyo yana nafasi ya kutosha. Aloi zilizochanganywa bati na antimoni huyeyuka mapema zaidi: ile ya mashine za Linotype, zilizokuwa zikipangia herufi za magazeti, huyeyuka kwa nyuzi 240 hivi. Oveni ndogo ya mezani yenye kipimajoto cha uongo inaweza kabisa kufika hapo karibu na waya zake za moto. Weka basi kipimajoto cha pekee katika usawa wa trei, usiamini namba zilizoandikwa kwenye kitufe, na uliweke tandiko kwenye rafu ya katikati.

Karatasi ya kuokea, ile iliyopakwa silikoni, ndiyo wengi huanza nayo, nayo si chaguo baya. Nyingi huvumilia nyuzi 215 hadi 230, na rangi haiishiki. Udhaifu wake ni kwamba hujikunja. Ikiwa ina kunyanzi, kila kunyanzi litachapwa kwenye kitako. Ikiwa kingo zake zimeinuka, vichwa vitaanguka na kugandana, na katika oveni yenye feni karatasi inaweza kupeperushwa hadi kwenye waya za moto ikashika moto. Ikate iwe ndogo kuliko trei, ikunje kinyume cha mkunjo wake hadi ilale, kisha izuie pembeni kwa vipande vizito vya chuma. Karatasi ya nta usiiguse kabisa: nta yake huyeyuka, hutoa moshi na kuharibu rangi.

Karatasi ya kawaida ya aluminiamu nayo iachwe. Rangi huishika kwa nguvu ile ile inayoshika madini, na unapokibandua kichwa, kipande cha karatasi hubaki kimegandia kitakoni. Ipo hata hivyo karatasi ya aluminiamu iliyopakwa dawa ya kuzuia kunata, na hiyo ni nzuri sana mradi utandike upande uliopakwa ukiwa juu. Watengenezaji kwa kawaida huuandika upande huo, na ni vema kuutafuta kabla ya kuanza. Ikitandazwa juu ya trei nene iliyo bapa na kulainishwa kwa kiganja, hutoa kitako safi chenye ukingo mwembamba unaoondoka wakati wa kupitisha kichwa kwenye tundu la kipimo, yaani tundu la chuma ambamo kichwa husukumwa ili kipate unene unaotakiwa.

Mkeka wa silikoni una sifa nyingi: hudumu, haunati, na huvumilia nyuzi 230 au zaidi kulingana na ulivyotengenezwa. Lakini silikoni haipitishi joto kwa urahisi. Kichwa kilichosimama juu ya mkeka mnene hupata joto kwa hewa kutoka juu na ubavuni huku kitako kikichelewa, na mtu anayehesabu dakika tangu alipofunga mlango anaweza kukitoa ncha ikiwa imeiva na kitako bado. Dawa yake ni kuanza kuhesabu pale tu rangi inapong'aa kama iliyolowa, kwa vichwa vyote pamoja na vile vya katikati ya trei, na kuruhusu dakika chache zaidi. Iko pia mikeka yenye vinundu vya piramidi, iliyobuniwa kwa ajili ya kuokea nyama. Hiyo hupunguza mguso na kupitisha hewa chini, lakini inawafaa tu wanaolaza vichwa ubavu, kwa kuwa kichwa hakiwezi kusimama wima juu ya ncha.

Nikitakiwa kuchagua tandiko moja kwa vichwa vya bunduki ndefu vinavyosimamishwa kimoja kimoja, nitachukua shuka jembamba la tefloni lenye nyuzi za kioo ndani yake. Halijikunji kama karatasi, halizuii joto kama silikoni nene, na huvumilia nyuzi 260. Lisipitishwe hapo: tefloni iliyopata joto kupita kiasi huanza kuoza na kutoa gesi mbaya, ambayo huua ndege wa kufugwa hata ikiwa kidogo. Hii ni sababu nyingine ya kutoruhusu oveni isiyo na kipimajoto cha kuaminika.

Kusimamisha vichwa huhitaji kibano na subira, kwa sababu unga ulioshikizwa kwenye vichwa na umeme tuli, vilipotikiswa pamoja nao kwenye chombo cha plastiki, hudondoka ukiguswa ovyo. Shika kwa ncha nyembamba, gongesha kibano kidogo kwenye ukingo wa chombo ili unga wa ziada uanguke, kisha simamisha kichwa na ukiache kiwe mbali na jirani yake kiasi cha kutogusana hata kimoja kikitikisika. Kwa vichwa ambavyo baadaye vitavishwa kikombe cha shaba kitakoni kazi hii haipotei bure, kwani ukingo wa rangi ukizidi hapo kikombe hukaa upande.

Kwa vichwa vya bastola, vinavyopigwa kwa mamia kwenye shabaha za karibu, wengi hawaoni sababu ya kusimamisha kimoja kimoja. Wao huvimwaga kwenye kikapu cha wavu wa waya, hukitikisa unga wa ziada uchujike, na kukiingiza kikapu chote ndani ya oveni. Hewa moto hupita pande zote, kwa hiyo vichwa huiva kwa usawa kuliko kwenye trei iliyozibwa. Gharama yake ni alama: kila kichwa hutoka na vidoa vidogo pale kilipogusa waya au jirani. Vidoa vya ubavuni hulainishwa na tundu la kipimo. Vya kitakoni havilainiki. Chagua wavu wa chuma kisichoshika kutu wenye matundu ya milimita 6 hivi, usipange zaidi ya tabaka moja au mawili, na subiri vichwa vipoe kabisa kabla ya kuvitenganisha. Vikiwa baridi huachana kwa mshtuko mdogo wa kikapu. Vikiwa moto ganda huchanika na madini kubaki wazi.

Tandiko lolote utakalochagua, lipime kwa kundi dogo kwanza. Futa kichwa kilichopoa kwa kitambaa chenye asetoni: rangi iliyoiva haiachi doa la maana kwenye kitambaa. Kisha kiweke kichwa juu ya chuma ukiponde kwa nyundo. Ganda lililoiva hubonyea pamoja na madini bila kumeguka. Fanya hivyo kwa kichwa cha katikati ya trei na cha pembeni, kwa maana tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo itakayokuambia kama tandiko linazuia joto, na angalia kitako kabla ya kukiponda.

Oveni iliyotumika kwa kazi hii isirudi jikoni kamwe, na iwekwe mahali penye hewa ya kutosha. Madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na mabaki yake hukaa kwenye tandiko. Karatasi zilizotumika zikunjwe kwa ndani, zifungwe kwenye mfuko na zipelekwe panapopokelewa taka za sumu badala ya kuchomwa. Mikeka na shuka za tefloni zioshwe kwa sabuni katika ndoo ya pekee, mbali na sinki la vyombo. Wavu ukishajaa matabaka ya rangi iliyokauka, ubadilishwe. Asetoni haitaiyeyusha, na kuichoma hutoa moshi usiofaa kuvutwa na mtu yeyote.