Mambo ya kuandaa kabla ya kumpeleka mtoto anayekoroma kwa daktari

Mtoto akiwa na mafua atakoroma siku mbili tatu na yataisha. Kinachotakiwa kukushtua ni mkoromo wa usiku 3 au zaidi kwa wiki, mafua hana, na mdomo uko wazi usiku na mchana. Wazazi wengi hudhani ni usingizi mnono, na hapo ndipo miezi inapopotea. Kati ya miaka 2 na 8 chanzo mara nyingi ni nyama za nyuma ya pua na tonsesi zilizokua hadi kubana njia ya hewa. Usingizi ukikatikakatika, ukuaji nao unaguswa: homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Kwa hiyo usimsubirishe mwaka mzima, ila pia usiende kwa daktari mikono mitupu.

Beba kadi ya kliniki. Mstari wa uzito au urefu uliolala ni ushahidi.

Andika dawa zote anazotumia, hata za kununua dukani. Matone ya kuzibua pua yakitumiwa siku nyingi mfululizo huifanya izibe zaidi, na kwa watoto wadogo hayatakiwi bila kuandikiwa.

Chungulia pua. Kamasi lenye harufu mbaya likitoka tundu moja tu, huenda amejiingizia kitu: shanga, punje, kipande cha sponji. Usichokonoe, utakisukuma ndani. Kama ni betri ndogo ya duara, kimbia hospitali saa hiyohiyo, kwani huunguza nyama ya ndani ndani ya saa chache.

Sasa video ya usiku. Hii usiiache kwa sababu yoyote. Kliniki hufanyika mchana, mtoto yuko macho, misuli ya koo imekaza na hewa inapita bila shida. Kifua kikisikilizwa ni safi. Koo likitazamwa, ukubwa wa tonsesi hausemi yote: wapo wenye tonsesi kubwa wanaolala vizuri, na wapo wenye za wastani wanaokabwa, yaani njia ya hewa inajifunga wakiwa usingizini. Nyama za nyuma ya pua ndizo hata hazionekani kwa kupanua mdomo. Mzazi anasema "anakoroma", anaambiwa watoto wengi hukoroma, anarudi nyumbani na dawa ya mafua. Baada ya miezi wanarudi palepale, na safari hii mwalimu naye analalamika.

Usirekodi dakika za kwanza za usingizi. Kukabwa kwa watoto huzidi kwenye usingizi wa ndoto, ambao huongezeka kuelekea alfajiri, kwa hiyo amka kati ya saa 9 na saa 11 usiku. Mfunue kifua na tumbo, washa taa hafifu ya pembeni, zima feni, egemeza simu mahali isitikisike, kisha rekodi dakika 2 au 3 bila kukata. Utasikia mkoromo unapanda, halafu kimya. Tumbo linaendelea kuhangaika, kifua kinabonyea chini ya mbavu, kishimo cha chini ya koo kinaingia ndani, lakini puani hapatoki hewa. Kisha anakurupuka kwa mkoromo mkubwa, anajigeuza, anatupa shingo nyuma. Usitafute kimya kirefu. Kwa mtu mzima huhesabiwa sekunde 10. Kwa mtoto, kukosa pumzi 2 mfululizo huku akijitahidi kuvuta hewa kunatosha. Video ikiwa shwari, bado haijamsafisha mtoto, kwa hiyo rudia usiku mwingine na uulizie kipimo cha usingizi, ambacho hurekodi pumzi za mtoto akiwa amelala.

Andika pia mambo ya mchana. Mtoto asiyelala vizuri si lazima asinzie kama mtu mzima; wengi hawatulii, wana hasira, hawamalizi wanachoanza, kisha wanaitwa watukutu. Je, ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha kwa miezi 6 au zaidi? Anaamka na kichwa kinauma? Anakula polepole na kukataa nyama, kwa kuwa hawezi kutafuna na kuhema kwa mdomo kwa wakati mmoja? Akiuliza "nini?" kila mara au maneno yake yamechelewa, omba apimwe masikio. Nyama za pua zikivimba huweza kuacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na asiyesikia vizuri hajifunzi kusema vizuri.

Si kila mtoto hufanyiwa upasuaji. Katika utafiti wa Marekani uliotoka 2013, karibu nusu ya watoto wa miaka 5 hadi 9 wanaokabwa usiku, walioachwa chini ya uangalizi bila upasuaji, walikuwa na kipimo cha usingizi cha kawaida baada ya miezi 7. Uliza kama wako anaweza kusubiri. Upasuaji ukiamuliwa, mwambie mtaalamu wa nusukaputi kwamba mtoto hukabwa usiku, kama kuna jino linalolegea, homa ya wiki hiyo, au ndugu wanaotoka damu kupita kiasi. Aliye chini ya miaka 3 alale hospitali usiku wa kwanza. Dawa ya maumivu isiwe kodeini: Marekani iliipiga marufuku 2013 kwa watoto baada ya kutolewa tonsesi, maana wengine huacha kupumua. Anywe maji mara kwa mara hata akilia. Damu huweza kutoka hata siku ya 5 hadi ya 10. Ikionekana, usisubiri kesho.

Kwingineko ni tahadhari za kawaida: moshi wa sigara na wa jikoni usifike anapolala, na asipewe dawa ya maji ya kumlaza. Na jifunze kuhesabu pumzi, dakika nzima, akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni nyingi mno, mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Akiwa macho na kifua kinabonyea, midomo ikiwa ya bluu, au akishindwa kunyonya, achana na daftari na video, nenda hospitali sasa hivi.