Somo: Kupunguza matiti makubwa kwa mwanaume, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam. Naandikia wale wanaovaa koti Dar es Salaam mwezi wa pili na wasiovua shati ufukweni. Nimehudumu wodi ya upasuaji, na wengi hutufikia baada ya miaka ya kujificha. Ugonjwa huu hauna jipya: Paulo wa Aegina, tabibu wa karne ya 7, alishaandika namna ya kuupasua.

Hatua ya 1: Jua kilichomo kifuani
Lala chali. Weka kidole gumba na cha shahada pande mbili za titi, visogeze taratibu kuelekea kwenye chuchu. Ukikutana na kitu kinene kama kisahani cha mpira nyuma ya chuchu, hiyo ni tezi ya titi. Vidole vikifika bila kizuizi, ni mafuta, na kupunguza uzito huenda kukatosha. Tezi haiondoki kwa pushapu.

Ukikuta uvimbe mgumu usio katikati ya chuchu, damu kwenye chuchu, ngozi iliyovutwa ndani au vifundo kwapani, nenda hospitali wiki hii hii. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia.

Hatua ya 2: Tafuta chanzo
Hapa ndipo watu wanaruka, na inaniuma. Ukikata tezi ukaacha chanzo, titi linaweza kurudi. Mwambie daktari kila unachotumia: spironolaktoni ya moyo au ini, ketokonazo ya fangasi, simetidini ya vidonda vya tumbo, sindano za kujenga misuli, pombe, bangi. Ini, figo na tezi ya shingo navyo huhusika. Kubali akupime korodani, maana uvimbe wa huko wakati mwingine hujitangaza kwanza kifuani. Kisha vitafuata vipimo vya damu na altrasaundi.

Titi likiwa bado jipya, dawa kama tamoksifeni inaweza kusaidia. Likipita mwaka hivi, tezi hugeuka kovu gumu na dawa hazifui dafu.

Hatua ya 3: Chagua daktari
Mtafute bingwa wa upasuaji rekebishi. Hospitali kubwa za rufaa wanao. Muulize amewapasua wanaume wangapi, na omba kuona picha za kabla na baada. Krimu za mtandaoni achana nazo. Sigara acha wiki 4 kabla, kidonda kipone vizuri.

Hatua ya 4: Siku yenyewe
Mara nyingi ni nusu kaputi, saa moja hadi mbili. Mafuta hunyonywa kwa mrija mwembamba, na tezi hutolewa kupitia mkato kwenye ukingo wa duara jeusi la chuchu, ili kovu lijifiche. Daktari huacha kipande kidogo cha tezi nyuma ya chuchu, la sivyo inadidimia. Kilichotolewa kipelekwe maabara, sisitiza hilo.

Hatua ya 5: Nyumbani
Fulana ya kubana utaivaa wiki 4 hadi 6, ukiivua kwa kuoga tu, na joto letu utalivumilia. Kazi ya mezani unaweza kurudi baada ya wiki moja hivi. Vyuma na mizigo visubiri wiki 4 hadi 6. Upande mmoja ukivimba ghafla na kukaza, damu inajikusanya ndani: rudi hospitali usiku huo huo. Umbo kamili huonekana baada ya miezi 3 hadi 6.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwanangu ana miaka 14, matiti yamemtoka na wenzake wanamcheka. Apasuliwe?
Jibu: Hapana mama, bado. Ni homoni za balehe, na kwa wengi huisha ndani ya miaka 2. Daktari amwangalie, na shuleni uongee na mwalimu.

Swali: Nilianza kuota matiti nikitumia ARV yenye efavirenzi. Niache?
Jibu: Usiache hata dozi moja, ndugu yangu. Waeleze CTC, kliniki unakochukulia dawa, wakubadilishie. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza ARV yenye dolutegraviri kama chaguo la kwanza, na kwa baadhi ya watu titi hupungua polepole baada ya kubadili.

Swali: Ngozi yangu hutoa makovu ya kuvimba. Nina keloidi sikioni.
Jibu: Mwonyeshe daktari hilo sikio kabla hajapanga mkato. Keloidi haikufungii mlango, ila kovu lifuatiliwe mapema, na likianza kuinuka uchomwe sindano ya triamsinoloni.